Sentensi Niliyoiandika Kuhusu Moshi

Katoro, siku moja kabla ya safari yako ya chuo

Minza mwanangu,

Mama yako amekwisha kukupa maagizo yote: chandarua, kanisa, marafiki, namna ya kulinda begi ndani ya basi. Michembe ya viazi aliyokufungia inatosha darasa zima. Sina la kuongeza hapo. Mvua imeanza tangu mchana, nawasikia mnacheka jikoni, nami nimekaa kwenye meza yangu ya kusahihishia nikiandika jambo ambalo nimelikwepa kwa miaka minane. Uisome barua hii ukishapita Nzega. Ukiisoma hapa utanitazama usoni, nami sitaweza.

Jumapili ulituambia mezani kwamba ile kamusi elezo ya sayansi ya mtandaoni, ambayo watu wanaiandika wenyewe kwa Kiswahili kwa kujitolea, imekupa kazi ya uhakiki. Mama yako alipiga kigelegele. Mimi nilikupa mkono, kisha nikatoka nje kuangalia kuku ambao hawakuwa na tatizo lolote. Niliogopa. Kazi ya mhakiki ni kufungua historia ya ukurasa na kuona nani aliandika nini, nani alifuta nini, na alitoa sababu gani. Siku moja utafika kwenye makala ya zebaki. Utamkuta mtu anayejiita Mwalimu wa Samuye. Kabla hujaanza kumshangaa, ujue kwamba ni mimi.

Nilianza kuandika huko ulipokuwa darasa la tano. Shuleni tulikuwa na vitabu vichache vilivyochakaa, nami nilikuwa nimepata simu yangu ya kwanza ya mtandao. Nilipotafuta mambo ya kemia kwa Kiswahili nikakuta karibu hakuna kitu. Nikaandika kuhusu kutu. Nikaandika kuhusu chokaa, chumvi, risasi. Wanafunzi wangu wakawa wanasoma, na watu nisiowajua wakanishukuru kutoka Tanga na Mbeya. Jina langu lilipotokea kwenye orodha ya wachangiaji wakubwa, nilivimba kichwa. Ilikuwa raha ambayo darasa halijawahi kunipa.

Kisha nikaandika kuhusu zebaki, kwa sababu ya hapa tunapoishi, kati ya wachimbaji wa dhahabu. Kitabu changu kilieleza uzito wake, jinsi inavyokamata dhahabu, na kwamba mvuke wake ni sumu. Hakikusema mtu atautambuaje mvuke huo. Ningeweza kuacha hapo. Lakini siku chache kabla nilikuwa nimepita kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu akiwa anasafisha mali, nikakutana na harufu ya kukaba koo, nami nikadhani ndiyo zebaki yenyewe. Kumbe ilikuwa asidi aliyokuwa akisafishia. Sikumwuliza. Nilirudi nyumbani nikaandika hivi: "Mvuke wa zebaki hutambulika kwa harufu yake kali. Pasipo harufu hiyo, hewa ni salama."

Mvuke wa zebaki hauna harufu, Minza. Hauna rangi. Mtu anaweza kukaa nao chumba kimoja mwaka mzima akidhani yuko peke yake.

Baada ya wiki mbili mchangiaji aliyejiita Njiwa alibandika alama mwishoni mwa sentensi ile: chanzo kinahitajika. Nilijisikia kama nimepigwa kofi mbele ya wanafunzi. Nikaiondoa ile alama. Akairudisha, na kwenye ukurasa wa majadiliano akaniuliza kwa adabu nimeitoa wapi habari ya harufu. Nikamjibu: "Mimi ni mwalimu wa kemia na ninaishi katikati ya wachimbaji. Wewe uko wapi?" Akaandika: "Niko karibu kuliko unavyodhani. Naomba chanzo tu." Nikaiondoa alama mara ya pili. Hakurudi tena. Nilihesabu kwamba nimeshinda.

Sasa nije kwa baba yako mdogo. Unakumbuka Masanja alivyokaa na mkewe, Mama Limi, kwenye vile vyumba viwili vya nyuma. Alikuwa akitoka mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, na kidonge chake cha zebaki na dhahabu kwenye kitambaa, anakiweka kwenye kikaango kidogo, anakichoma juu ya jiko la mkaa. Alichomea ndani ya chumba, mlango umefungwa, kwa sababu ya wezi. Cherehani ya Mama Limi ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye lile jiko, na kutwa nzima alikuwa ameketi pale anashona.

Siku moja nikamwambia Masanja achomee nje. Akatoa simu yake mfukoni, akatafuta kidogo, akanisomea sentensi yangu kwa sauti. Alisoma vizuri, kama mtoto anayesoma risala.

"Sasa kaka," akaniuliza, "wewe unasikia harufu?"

Nilivuta pumzi. Palinukia mkaa na mafuta ya cherehani. Nikasema hapana. Kisha, mwanangu, nikamwambia kwa kujidai kwamba aliyeandika maneno hayo ni mimi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema hakujua kwamba kaka yake anasomwa na nchi nzima. Tangu siku ile hakuna aliyemwambia tena achomee nje, na mimi nilikuwa wa kwanza kunyamaza.

Mishono ya Mama Limi ilianza kupinda mwaka uliofuata. Sare yako ya darasa la sita alikushonea yeye. Ukalalamika kwamba kola imekaa upande, mama yako akakukemea. Baadaye vikombe vikawa vinamponyoka. Alikuwa mwanamke wa utani na kucheka, akageuka mtu wa kukasirika kwa jambo dogo, kisha anajifungia na kulia kwa aibu. Usiku hakulala. Alimsahau mtoto wake Limi sokoni mara mbili. Mikono yake ilitetemeka hata ikiwa imelala mapajani, na ukimwangalia aliificha chini ya kanga.

Ugonjwa usio na jina, sisi watu wa Shinyanga tunajua unapelekwa wapi. Kama mtu angesema ni moshi, ungeishia kwenye moshi. Lakini moshi ulikuwa umekwisha kusafishwa na mtu aliyesoma. Masanja mwenyewe aliwaambia wazee wa ukoo kwamba zebaki ameiangalia, haimo, kaka amethibitisha. Basi wakampeleka mgonjwa kwa mganga mmoja upande wa kwetu. Mganga alisema anayemla mwanamke huyu ni mzee wa kike, mjane, wa damu ya mumewe, na macho yake ni mekundu.

Kijijini kwetu, Samuye nzima ilijua ni nani anayesemwa. Shangazi yangu Kabula, dada wa mwisho wa marehemu babu yako, alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya babu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi aliyopikia tangu ujana. Ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Ndiye aliyenipeleka shule kwa mguu, akinisubiri nje hadi mwalimu aliponipokea.

Asubuhi moja alikuta karatasi imebanwa chini ya mlango. Hakujua kusoma. Akaipeleka kwa jirani, binti mdogo wa shule, ambaye alisoma mstari wa kwanza akaanza kulia. Ile karatasi ninayo. Inasema ana siku saba za kuhama au kuhamishwa kwa panga. Kilichonitisha zaidi ni mwandiko wenyewe. Ulikuwa mzuri, umenyooka, alama za vituo zimewekwa mahali pake. Aliyeuandika alikuwa amesoma.

Nilikwenda kumchukua siku ya nne. Nilikuta wanaume watatu wameketi kwenye benchi kando ya njia ya kwake, mchana kweupe, hawafanyi lolote. Nilipowasalimia waliitikia vizuri. Mmoja akaniuliza kama shangazi anasafiri. Nikasema anakuja kunisaidia kulea wajukuu. Akasema, "Ni vizuri. Mtu mzima asikae peke yake." Shangazi alipanda bodaboda nyuma yangu na furushi moja la nguo. Alikuwa ameacha choroko zimeanikwa uani. Hakugeuka kuziangalia.

Hivyo ndivyo Bibi alivyokuja kuishi nasi. Wewe tulikuambia kwamba amechoka kukaa kijijini. Ndiyo maana hakuwahi kwenda kwenye msiba hata mmoja Samuye, hata wa dada wa mumewe. Ndiyo maana pikipiki ikisimama mlangoni huwa anaingia chumbani. Ulizoea ukadhani ni uzee.

Mama Limi hakupona kwa kuondoka kwa Bibi. Alizidi. Mwishowe ndugu zake wakamwita kwao Ushirombo, nasi tukamsindikiza, mimi na Masanja. Pale kwenye kituo cha afya tulipokewa na muuguzi mmoja mnene, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Alimwambia Mama Limi anyooshe mikono, akaitazama ikitetemeka. Akamfunua midomo akaangalia ufizi. Kisha akamgeukia Masanja.

"Nyumbani mnachoma dhahabu?"

Masanja akasema ndiyo, lakini hakuna harufu. Akatoa simu kumwonyesha. Muuguzi hakuipokea ile simu. Alisema anaijua sentensi hiyo. Alisema aliwahi kuiulizia chanzo mara mbili, na mara zote mbili alama yake ikafutwa na mwalimu mmoja.

"Ningerudi mara ya tatu," akasema, "lakini nilikuwa zamu, nikachoka kubishana na mtu msomi."

Masanja alinitazama. Nilitazama sakafu. Mimi na huyo Njiwa tulikuwa tumesimama umbali wa mkono mmoja, naye alikuwa akinieleza taratibu, kama anavyoelezwa ndugu wa mgonjwa, jinsi mvuke unavyoingia mwilini bila kubisha hodi. Nikaitikia kwa kichwa, nikamshukuru. Sikumwambia mimi ni nani. Masanja naye hakusema. Hajawahi kunitupia neno mpaka leo, na hilo ni zito kuliko kama angenipiga.

Jioni ile, kwenye chumba cha wageni pale Ushirombo, nilifungua ukurasa nikaifuta sentensi. Nikaandika iliyo sahihi. Mfumo ukaniuliza, kama unavyomuuliza kila mtu, nieleze kwa kifupi nimebadilisha nini. Nikaandika: "Marekebisho madogo ya lugha."

Hayo ndiyo utakayoyakuta kwenye historia, mwanangu. Kukosea nilikosea kama mtu. Lakini maneno yale manne niliyaandika nikiwa najua kila kitu, mgonjwa akiwa chumba cha pili.

Mama Limi alipelekwa hospitali kubwa, akakaa mbali na moshi, akapata nafuu. Analala. Anacheka tena, si kama zamani. Mikono imetulia kiasi cha kushika kikombe, lakini sindano haishiki, na cherehani waliiuza. Masanja aliacha kuchoma. Nami nikajiambia kwamba mambo yamekwisha. Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki: kwenda Samuye, kuwaita watu, na kuwaambia kwamba mke wa Masanja aliumwa zebaki, hakulogwa na mtu. Lakini wangeniuliza, "Si ninyi mlisema zebaki haimo?" Ningelazimika kuwaambia ni nani aliyesema. Nikaahirisha mpaka likizo. Likizo ikaja na mvua. Nikaahirisha mpaka mavuno. Unajua mwenyewe imepita miaka mingapi.

Na ile sentensi haikufa. Nilidhani nikiifuta pale nilipoiandika imefutika. Mwaka juzi niliikuta Katoro hapa hapa, imechapwa kwenye karatasi iliyofunikwa kwa nailoni, imebandikwa ukutani kwenye banda la kusagia mawe, chini ya kichwa "Usalama Kazini." Nikaibandua. Mwenye banda akanikemea, akasema hiyo ni elimu, na nilipomweleza kwamba si kweli akaniuliza kwa nani nimesoma. Nilipopita tena baada ya wiki mbili, nyingine ilikuwa pale pale. Nimeikuta kwenye vikundi vya simu vya wachimbaji, bila jina, imeongezewa makosa ya herufi. Nimeikuta kwenye kijitabu.

Juzi Jumanne, ulipokuwa unachezea ile programu ya simu inayojibu kila swali, ulikuwa unaipima, unacheka inavyozungumza Kiswahili. Ukaiuliza mambo ya dhahabu ya kwetu, kisha zebaki. Ukatusomea majibu. Ilieleza vizuri sana mpaka ikafika hapo, na nikaisikia kutoka kinywani mwako: mvuke wa zebaki hutambulika kwa harufu yake kali. Neno kwa neno. Uliuliza kama ni kweli. Nikasema hapana, si kweli, kwa ukali mpaka mama yako akashtuka. Wewe ulisema, "Sasa imeitoa wapi?" Swali lile lile la Njiwa. Nami nikanywa maji.

Nimewaza kuhusu watu wanaoiuliza simu swali hilo leo, Nyarugusu, Chunya, popote penye machimbo, jiko likiwa limewashwa mbele yao. Hawatajua kuna aliyekosea. Wakianza kutetemeka, watatafuta macho mekundu. Kila kijiji kina mjane mmoja mwenye macho hayo.

Sitakuambia uandike au usiandike. Ungekuwa umeniuliza miaka ile ningekuambia ninafanya kazi ya Mungu, na bado naamini makala ya kutu imewasaidia watu. Ninachokijua ni hiki tu: ile alama ya Njiwa ilikuwa mlango, na ulikuwa wazi wakati Mama Limi bado anashona kola zilizonyooka. Niliufunga kwa sababu aliyebisha hodi hakunisalimia kwa cheo changu.

Leo asubuhi, mlipokwenda sokoni kununua begi, nilimfuata Bibi uani. Alikuwa akichagua maharage. Nilikaa chini kwenye mkeka, si kwenye kiti, nikamwambia yote kwa Kisukuma, tangu harufu ya yule mnunuzi mpaka maneno manne. Sikujua jinsi ya kusema "mtandao" kwa lugha yake, nikasema ni daftari ambalo kila mtu anaweza kuliandika na kila mtu analisoma. Alielewa haraka. Mikono yake haikuacha maharage.

Nilipomaliza alitupa changarawe moja pembeni. Kisha akasema, "Nilijua kwamba si mimi. Sikujua tu kwamba ni wewe."

Nikaomba msamaha. Aliniuliza kama Samuye wanajua. Nikasema hapana, bado.

"Basi mimi bado ni mchawi," akasema, akaendelea kuchagua.

Mchana huu nimeandika kwenye ukurasa wa majadiliano wa ile makala, kwa jina langu kamili, sentensi ilikuwa ipi, niliitoa wapi, nani aliihoji, na kwa nini niliandika kwamba ni marekebisho ya lugha. Ukiupitia, upitie kama wa mtu usiyemjua. Pakihitaji chanzo, bandika alama.

Kesho nikishakupandisha basi nitapanda gari la Shinyanga, nishuke Samuye. Masanja ananiomba nisiende. Anasema wale watatu wa kwenye benchi bado wapo, mmoja sasa ana cheo, na mtu aliyehamisha mjane kwa karatasi hapendi kuambiwa baada ya miaka minane kwamba alikosea, hasa na mtu aliyemkosesha. Huenda ni kweli. Mimi mwenyewe najua mtu msomi anavyokuwa akiulizwa chanzo. Nimekwisha kuzungumza na mwenyekiti wa kijiji kwa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nitafika saa ngapi na nitakuwa na nani. Nilimwambia niko peke yangu. Sijui kwa nini nilimwambia hivyo.

Mama yako anadhani ninakwenda kuangalia shamba. Umwache adhani hivyo mpaka nirudi. Ile karatasi ya chini ya mlango nimeiacha ndani ya kitabu changu cha kemia, rafu ya juu. Ikifika Jumamosi jioni hujanisikia, usimpigie mama kwanza. Mpigie baba yako mdogo, umwambie ilipo.

Unaniita. Unasema chai imeiva.

Baba yako